Kamba Wekundu wa Naivasha Wasivushwe Mau Wakiwa Hai

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limenikosesha utulivu tangu mwezi uliopita, nalo ni usafirishaji wa kamba wa maji baridi, wakiwa hai, kutoka Naivasha kuvuka milima ya Mau kuja upande huu wa mito inayomiminika katika Ziwa Viktoria. Nimefundisha baolojia katika shule za upili kwa miaka 27, na 11 kati ya hiyo niliifundishia Naivasha. Tangu nistaafu nalima eka mbili za mpunga hapa Ahero. Kamba hao nimewaona kule walikozoea, na maji ya huku ambayo watu wanataka kuwatia nayajua, kwa sababu ndiyo yanayonilisha.

Nilikuwa natoka Nakuru kumwona binti yangu. Katika matatu ya Kisumu niliketi na kijana mmoja aliyekuwa na ndoo nyeupe kati ya miguu yake, ile ya lita 20 inayouzwa na rangi ya nyumba, kifuniko chake kimetobolewa matundu kwa msumari. Tangu Salgaa nilikuwa nasikia mkwaruzo ndani ya ndoo, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwa kijiko. Gari liliposimama Mau Summit ili abiria wanunue viazi na karoti, nilimwomba anionyeshe alichobeba, naye akafunua bila kusita. Ndani mlikuwa na kipande cha gunia lililoloweshwa, na chini ya gunia kamba wekundu wapatao 30, kila mmoja akitosha kujaa kiganja, wameinua magando juu kana kwamba wanatukaribisha kupigana. Nilimshika mmoja mgongoni, nyuma ya magando, nikamgeuza. Chini ya mkia, katikati ya vile vijiguu laini anavyopepea navyo maji, palikuwa na vichembe vingi vya rangi ya zambarau iliyokoza, vimeshikana mfano wa ulezi uliolowekwa. Alikuwa jike mwenye mayai.

“Mzee, hawa ni pesa,” kijana akaniambia. Alikuwa amepata mteja upande wa nyanda za Kano, huku kwetu, mwenye kidimbwi cha samaki, anayetaka kuwafuga awauzie wenye hoteli mjini Kisumu. Nikamuuliza, “Na wakitoka kidimbwini, kijana wangu?” Akacheka kwa heshima, akasema, “Watatoka waende wapi, mzee? Kidimbwi kiko shambani.”

Mhariri, barua yangu yote ni jibu la swali hilo la kijana, kwa maana naamini aliuliza kwa nia njema, na naamini wapo wengi wanaofikiri kama yeye.

Kamba huyu mwekundu, ambaye wavuvi wa Naivasha humwita kreifishi, si wa Naivasha wala si wa Kenya. Asili yake ni vinamasi vya kusini mwa Marekani, hasa jimbo la Louisiana, na kaskazini mashariki mwa Meksiko. Bara letu, ukiondoa kisiwa cha Madagaska, halikuwahi kuwa na kamba wa jamii hii. Katika mito yetu nafasi yake inashikwa na kaa wa mtoni, yule wa kahawia anayejificha chini ya mawe, ambaye watoto wa huku humchokoa kwa kijiti. Wala asichanganywe na ochong'a, uduvi mdogo wa Ziwa Viktoria anayenaswa pamoja na omena na kuishia kwenye chakula cha kuku. Ochong'a ni mwenyeji, na ni chakula cha samaki wengi, wakiwemo mbuta wadogo. Nayasema haya kwa sababu nimemsikia mtu sokoni akidai kwamba ziwa letu “lina kamba tayari”, kwa hiyo kuongeza wengine si neno. Ochong'a na kreifishi wametofautiana kama paka alivyo mbali na chui.

Kreifishi alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, kwa nia ya kuongeza mazao ya uvuvi. Kufikia katikati ya miaka hiyo ya 1970 alikuwa anavuliwa kibiashara na kusafirishwa Ulaya, na kwa muda biashara hiyo ilikuwa ya mamia ya tani kwa mwaka. Hiyo ni kweli na haifai kufichwa. Lakini wakati huohuo, chini ya maji, mambo mengine yalikuwa yanatendeka. Naivasha lilikuwa ziwa la yungiyungi za buluu na mimea mingi iliyoota chini ya maji, ambamo samaki walitaga na vifaranga vyao vikajificha. Kamba wakaila mimea hiyo, na kile wasichokila wakakikata tu na kukiacha kielee. Hawakuwa peke yao katika uharibifu huo, kwani panya mkubwa wa majini kutoka Amerika Kusini, aliyekuwa ametoroka kwa wafugaji wa manyoya, alikuwa amekwisha kuzishambulia yungiyungi. Lakini kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mimea ya chini ya maji ilikuwa imetoweka karibu yote, na baadaye kamba walipopungua, mimea ikaanza kurudi. Walipoongezeka tena, ikapungua tena. Watafiti walifuatilia kupanda na kushuka huko kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nilikuwa nawapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu ufuoni wahesabu majani yaliyokatwa yaliyosukumwa na mawimbi. Ukiliokota jani moja ulikuta shina lake limekatwa wima, kama kwa mkasi.

Sasa nirudi kwenye swali la kijana: watoke waende wapi? Kamba huyu hutembea nchi kavu. Usiku wa mvua hutoka majini akavuka nyasi, barabara na mashamba, na wanapofuatiliwa huonekana wakienda kilomita kadhaa. Maji yakikauka hachelei, kwa kuwa huchimba shimo la kwenda chini ambalo linaweza kuzidi mita moja, akaziba mdomo wake kwa tope na kukaa humo katika unyevu hadi mvua zirudi. Maji yaliyopungukiwa hewa, ambayo yangemuua ngege, yeye huyavumilia, tena akizidiwa hupanda ukingoni akapumua hewa ya juu maadamu matamvua yake yana unyevunyevu. Anakula mimea, majani yaliyooza, konokono, viluwiluwi, mayai ya samaki, na hata kamba wenzake waliotoka kujivua gamba na bado ni laini. Jike mmoja hubeba mamia ya mayai, na watoto wakianguliwa hubaki wameng'ang'ania chini ya mkia wa mama yao kwa wiki kadhaa, wakilindwa, ndipo wanapoachana naye. Kwenye joto la kutosha huwa tayari kuzaa baada ya miezi michache tu. Kwa hiyo katika ile ndoo, Mhariri, usihesabu kamba 30. Hesabu mayai ya yule jike mmoja niliyemgeuza.

Anapenda maji gani? Anapenda maji ya polepole au yaliyotulia, yenye tope la kuchimbika na majani ya kula: vinamasi, mitaro, mabwawa, kingo za mito inapofika nyanda za chini, na zaidi ya yote mashamba ya mpunga. Huko kwao Louisiana wakulima huvuna mpunga, kisha huyajaza maji mashamba hayohayo wakavuna kamba. Mito ya milimani yenye mawe na maji ya kasi humpa shida, na ndiyo sababu hata kule Naivasha yeye ni mtu wa ziwa na wa sehemu za chini za mito kuliko wa vijito vinavyoporomoka kutoka Nyandarua. Basi msomaji na aitazame nchi kuanzia Awasi hadi ziwani kwa macho ya kamba. Mto Nyando ukishuka kutoka milima ya Nandi na Londiani hupoteza kasi hapa Kano, ukawa mpana, wa kahawia, wenye kingo za udongo mweusi. Kando yake iko mifereji ya skimu ya umwagiliaji ya Ahero, ambayo ina zaidi ya miaka 50, na mbele kidogo iko ile ya Kano Magharibi. Mwisho wake ni mafunjo na ziwa. Ukipanda kaskazini unakutana na kinamasi cha Yala, kisha Bunyala na mdomo wa Nzoia. Sijui mahali pengine nchini ambapo kamba huyu angetandikiwa kitanda kizuri zaidi ya hapo. Naivasha, iliyo kwenye mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, ni baridi kuliko huku kwetu, na bado huko alistawi. Ziwa Viktoria liko kwenye mita 1,134 hivi. Joto la huku ndilo linalofanana na majira ya kiangazi ya kwao.

Kwa mkulima wa mpunga hatari hii si ya vitabuni. Maji yetu hapa Ahero hayaji bure, yanapandishwa kwa pampu kutoka mtoni, na pampu zinakula umeme unaolipiwa. Shamba hushika maji kwa sababu ya tuta dogo la udongo ambalo mtu ameliweka sawa kwa jembe na kulikandamiza kwa miguu. Tundu moja la upana wa kidole gumba linatosha kumwaga usiku mmoja maji uliyoyangojea siku nne, na kamba huchimba matundu mengi. Miche michanga ya mpunga, inapokuwa bado ina majani mawili matatu, yeye huikata na kuila. Hispania waliyajua haya walipoleta kamba huyu mwaka 1973 na 1974, wakawatia katika maeneo ya mpunga ya kusini. Wapo waliotajirika kwa kuwavua, na wapo wakulima walioachiwa matuta yanayovuja. Na ikiwa tuta la shambani linatutia wasiwasi, tuseme nini juu ya matuta makubwa ya Nzoia kule Budalang'i, ambayo kila mwaka wa mafuriko watu hulala wakiyasikiliza? Matuta hayo yamepasuka mara nyingi bila kamba yeyote. Mimi singependa kuona mchimbaji mwingine akiongezwa.

Wavuvi nao wana lao. Huko Zambia, kamba wa jamii nyingine, yule mkubwa wa Australia mwenye gando lenye doa jekundu, aliletwa kwa ajili ya ufugaji mwaka 2001, akatoroka, na leo yumo katika mto Kafue na Ziwa Kariba. Wavuvi wa huko wanalalamika kwamba wakitega nyavu jioni, asubuhi huwakuta samaki wametafunwa mkia na tumbo, hawauziki. Kreifishi wetu alifanya vivyo hivyo kwenye nyavu za Naivasha. Tena naomba wasomaji walijue hili, maana linatuhusu kwa karibu: kreifishi waliopelekwa Livingstone, Zambia, mwaka 1979 walitoka hapahapa Kenya. Sisi tulipelekewa, nasi tukawapelekea wenzetu.

Na yuko samaki mmoja ambaye namtaja kwa uchungu, naye ni ningu. Wazee wa Kano na wa Nyakach wanakumbuka jinsi ningu alivyokuwa akipanda mito ya Nyando na Sondu wakati wa masika, makundi kwa makundi, kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ya mafuriko. Hapatikani popote duniani nje ya maji ya Ziwa Viktoria na mito yake. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zilimpunguza kwa kiasi cha kusikitisha, na waliobaki ni wachache. Mayai yake hulala mahali palepale ambapo kamba angependa kukaa: maji ya kina kifupi, nyasi, tope. Ziwa hili limekwisha kumpokea mbuta, ambaye alitajirisha wengi na papo hapo akafuta aina nyingi za fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizokuwa hazipatikani kwingine. Kisha likapokea gugu maji, ambalo mwishoni mwa miaka ya 1990 lilifunga bandari ya Kisumu hata mashua zikashindwa kutoka. Watu wa rika langu waliyaona yote mawili kwa macho yao.

Najua jibu nitakalopewa na baadhi ya wasomaji, hasa walio katika afya ya jamii, nalo ni jibu la heshima: kreifishi hula konokono wanaobeba kichocho. Ni kweli. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwatia kamba hao katika maji yanayotumiwa na watu huko Machakos, konokono wakapungua sana, na maambukizi kwa watoto wa shule yakapungua pia. Kwa mtu anayeishi kando ya ziwa hili, ambako mtoto akioga ufuoni hupata kichocho, habari hiyo si ndogo, na singethubutu kuidharau. Lakini Machakos ni kame, na bwawa la huko limezungukwa na ardhi kavu pande zote. Huku kwetu kidimbwi kimepakana na mtaro, mtaro na kijito, kijito na Nyando, na Nyando na ziwa la nchi tatu. Tena kichocho kina dawa, ambayo shule zetu zimekuwa zikipewa. Ukiona dawa haifai unaiacha. Kamba ukishamtia mtoni humwiti akarudi.

Niruhusu nieleze jambo moja kando kidogo. Katika miaka ya 1940 na 1950, bonde la Kodera na mabonde mengine ya Nyanza yalisumbuliwa na ugonjwa wa upofu wa mtoni, unaoenezwa na usubi. Mahali pa kuzaliwa usubi huo palitafutwa sana, hadi ikagundulika kwamba viluwiluwi wake hukua wakiwa wamejibandika kwenye gamba la kaa wa mtoni. Kaa ambaye hakuna aliyemjali alikuwa amebeba mgongoni ugonjwa wa vijiji vizima. Mito ilitiwa dawa ya kuua wadudu, usubi ukaisha, na leo watu wa Kodera wanalima wakiwa na macho yao. Huwasimulia vijana habari hii kila wanaponiambia kwamba kamba ni kamba tu. Kiumbe wa mtoni haingii peke yake; huingia na vyote alivyobeba. Ulaya ndiyo yenye ushahidi mchungu kuliko wote, kwani kamba wa asili wa huko waliangamia mito kwa mito kwa ugonjwa wa ukungu unaobebwa na kamba wa Marekani, ambao wenyewe hauwadhuru.

Wapo wasiopita hata kwa ndoo. Katika Ulaya hiyohiyo, mdudu mdogo wa jamii ya uduvi kutoka pande za Bahari Nyeusi, asiyezidi urefu wa sentimita tatu, alisafiri kwenye mfereji uliounganisha mito ya Danube na Main mwaka 1992, akaingia mto Rhine, na mwaka 2010 akaonekana Uingereza. Huua wadudu wengi wa mtoni kuliko anavyoweza kula. Hujificha katika mawe, kamba za mashua na nguo za uvuvi zilizo mbichi, na humo hukaa siku kadhaa akiwa hai. Waingereza wakaanza kuwahimiza wavuvi wao wakague, wasafishe na wakaushe vifaa vyao kila wanapohama maji. Somo hilo linatufaa, kwa sababu wapo wavuvi wetu wanaohama na nyavu zao kutoka Naivasha kwenda Ziwa Viktoria kulingana na msimu, na wavu uliokunjwa mbichi ndani ya gunia unaweza kumficha kamba wa ukubwa wa punje ya mahindi.

Kinachonipa matumaini ni jiografia. Naivasha ni bonde lililojifunga. Mito ya Malewa, Gilgil na Karati inaingia, na hakuna mto wa juu ya ardhi unaotoka. Mto Njoro unaishia Ziwa Nakuru, Molo unaelekea Baringo. Kati ya maji hayo na ya kwetu umesimama ukuta wa Mau, na kamba hata atembee namna gani hawezi kuupanda. Mungu ameweka mlango, na ufunguo uko katika mikono ya watu: hakuna kreifishi wa Naivasha atakayeingia Nyando ila aliyebebwa. Kinga hii ni rahisi kuliko ile ya gugu maji, lililoletwa na mto na upepo kabla hatujashtuka.

Ndiyo maana nasema kwamba uchumi wa Naivasha usiguswe. Kreifishi wameshakuwa huko kwa zaidi ya miaka 50, hakuna anayeweza kuwatoa, na kila anayevuliwa ni nafuu kwa ziwa. Nimewala mwenyewe, wakichemshwa kwa chumvi na kukamuliwa ndimu, na ni watamu. Wavuliwe, wauzwe, wafike hadi meza za Kisumu, lakini wafike wakiwa wamekwisha kuchemshwa au kugandishwa. Asiuzwe aliye hai kwa mtu anayevuka Mau. Sharti hilo moja halimnyimi mvuvi hata shilingi, kwa kuwa mlaji hamli akiwa hai.

Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka idhini kabla ya kuhamisha na kupandikiza viumbe wa majini, kwa hiyo hatuombi sheria mpya, tunaomba ijulikane mahali inapovunjwa. Siku mbili baada ya safari ile nilipiga simu katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kuuliza niripoti kwa nani nikiona kamba hai wakisafirishwa. Nilipokewa na watu wanne, kila mmoja akanipeleka kwa mwenzake, na wa mwisho akaniuliza kama nataka kununua au kuuza. Simlaumu yule msichana, hakuwa ameelezwa. Naziomba serikali za kaunti za Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega, Vihiga na Busia zichague namba moja ya simu, ziiandike kwenye mabango ya steji na ya masoko ya samaki, kwa Kiswahili na kwa Kidholuo, pamoja na picha ya kamba huyo ili makanga wa matatu amtambue. Makanga ndiye aonaye kila ndoo. Na vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo vinaijua kila mashua, vipewe nafasi ya kukagua nyavu zinazotoka nje ya ziwa.

Wafugaji wa samaki nao nawaomba kwa unyenyekevu, kwa maana tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009, uliochimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya 140, vidimbwi vimeenea hadi kwenye miteremko ya Vihiga na Kisii. Kidimbwi si beseni. Yule samaki wa kigeni anayeitwa karpu alitoka mwishoni mwa miaka ya 1990 katika vidimbwi vya kando ya mto Malewa, akafika Naivasha kwa maji ya mvua bila mtu yeyote kukusudia, na baadaye ndiye aliyejaza mashua za huko. Ikiwa samaki asiye na miguu aliweza kutoka, mwenye miguu kumi atashindwaje?

Nimalizie na kijana wangu wa kwenye matatu. Tulipofika Awasi tulikuwa tumezungumza njia nzima tangu Kericho, na sikumshinda kwa hoja za baolojia. Alichoniambia ni kwamba ametumia nauli na hawezi kurudi mikono mitupu. Nilimnunulia wote kwa shilingi 1,500, tukashuka naye Ahero, mke wangu akainjika sufuria. Tuliwatia maji yanapochemka, yule jike nikamtia wa kwanza. Kijana alikula nasi, akachukua ndoo yake tupu, akaniachia namba yake na kuniahidi kwamba akimpata mteja mwingine atampelekea waliochemshwa. Lakini mimi ni mzee mmoja na siwezi kukaa katika kila matatu inayopita Mau Summit.

Kwa hiyo naomba yeyote kati ya Awasi na ziwani, mvuvi, mchunga maji wa skimu, au mtoto wa shule, atakayemwona kamba mwekundu mwenye magando mawili makubwa yenye vipele, asimrudishe majini wala asimtupe mtaroni. Amuue, amtie chumvi au amweke katika barafu, aandike alipompata, ampeleke kwa afisa wa uvuvi aliye karibu au katika kituo cha Kisumu cha taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi. Akikosa nauli, aulize mwalimu mstaafu wa mpunga hapa Ahero. Nitakuja na ndoo yangu mwenyewe.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Ahero, Kaunti ya Kisumu